Wewe Ndiwe Mvua Yake

Mmea unaweza kukudai? Sizungumzii pesa ulizomlipa yule jamaa wa miche kando ya Ngong Road. Hizo mlimalizana. Nauliza kama, baada ya kuubeba huo mmea kwenye matatu ukiwa umeupakata magotini kama mtoto, umeingia katika deni lolote na mmea wenyewe.

Marafiki zangu wengi hulicheka swali hili. Mmea ni mmea, wanasema. Ukikauka unatupa, unanunua mwingine. Na wana hoja, tena si ya mtaani tu. Mwanafalsafa Peter Singer, aliyetoa kitabu Animal Liberation mwaka wa 1975, aliujenga utetezi wake wa wanyama juu ya uwezo wa kuhisi maumivu. Ng'ombe anahesabiwa kwa sababu anaweza kuteseka. Mmea hauna ubongo wala neva, kwa hivyo kwa kipimo hicho Sansevieria iliyo kando ya kitanda chako haina dai lolote kwako, kama vile stuli isivyo na dai.

Mimi nadhani inadai. Lakini si kwa sababu ina hisia, wala kwa sababu majani hufurahi ukiyaimbia. Inadai kwa sababu ya chungu.

Fikiria mbuzi. Mbuzi anayezurura akilala njaa, hilo ni lake. Malisho yalikuwa wazi mbele yake. Mbuzi uliyemfunga kamba kwenye mti akilala njaa, hiyo njaa ni yako. Watu watauliza ni nani aliyemfunga. Sasa, chungu ni kamba. Mmea ulio ardhini hutuma mizizi kutafuta maji, hufuata mwanga, husubiri mvua itakayokuja uwepo usiwepo. Ukiutia kwenye chungu na kuuingiza ndani ya nyumba, umeziziba njia hizo zote. Mawingu yakija Nairobi hayatauhusu. Wewe ndiwe mvua yake.

Utaniambia mbuzi huhisi njaa na mmea hauhisi. Kweli, na ndiyo maana kumsahau mbuzi ni kosa kubwa zaidi. Lakini ukubwa wa deni ni swali moja, na kuwepo kwa deni ni swali lingine. Mwanafalsafa mwingine, Paul Taylor, aliandika mwaka wa 1986 kwamba kila kiumbe hai kina heri yake, hata kama hakijui kwamba kinayo. Stuli haiwezi kustawi, na haiwezi kudhoofika kwa sababu umesafiri. Mmea unaweza yote mawili, na ukiwa ndani ya nyumba yako, yote mawili yanategemea wewe.

Kama hilo ni kweli, basi swali la maadili haliji siku majani yanapoanza kunyauka. Linakuja mapema, siku ya kuchagua. Na hapo ndipo sisi wa keja za kupanga tunachanganywa na picha.

Unazijua hizo picha. Dirisha kutoka sakafuni hadi darini, majani makubwa kama masikio ya ndovu, kitanda cheupe katikati ya msitu. Unaihifadhi kwenye simu, halafu unaangalia chumba chako: bedsita Roysambu ama Pipeline, dirisha moja, na nje ya dirisha ukuta wa ploti jirani, karibu kiasi cha kupitishiana chumvi. Kutamani kijani si vibaya. Wengi wetu tunakumbuka shosho aliyepanga maua barazani kwenye mikebe ya Kimbo iliyotobolewa kwa msumari. Lakini angalia vizuri alichofanya shosho. Alianza na mahali. Baraza lilikuwa na mwanga, basi mkebe ukakaa barazani. Hakununua ua kwanza ndipo aanze kulitafutia jua.

Kwa hivyo anza na mwanga, na usiliamini jicho lako. Gizani mboni hupanuka, kwa hivyo chumba unachoweza kusomea gazeti kinaweza kuwa karibu na usiku kwa jani. Saa sita mchana, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, kisha nyosha mkono juu yake. Kivuli chenye kingo kali maana yake ni mwanga mwingi. Kivuli chenye ukungu ni mwanga wa wastani. Usipoona kivuli chochote, hapo tundika picha. Tena, achana na yale maelekezo ya "dirisha linaloangalia kusini" yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa London. Sisi tuko karibu na ikweta. Hapa Nairobi jua la mchana huegemea kaskazini mwezi wa Juni, na kusini mwezi wa Desemba, kwa hivyo dirisha lako linaweza kupata jua miezi kadhaa na kulikosa miezi mingine.

Baada ya hapo, uliza mmea umetoka wapi. Kuna lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, Saintpaulia, linalouzwa kwenye masoko ya nchi nyingi. Jina hilo ni la Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa ukoloni wa Kijerumani aliyelitoa milima ya Usambara na kulituma kwa baba yake Ujerumani mwaka wa 1892. Jamaa zake bado wako porini, Usambara na hata hapa kwetu Taita, kwenye mlima Mbololo, wakishikilia miamba chini ya kivuli cha msitu. Msitu ukipungua, nao wako hatarini. Ukijua hayo, umeshajua ua hili linataka nini: mwanga laini na unyevunyevu, si jua kali la saa nane. ZZ nao una historia tofauti. Asili yake ni upande huu wa Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, ingawa ulienea madukani baada ya wakulima wa Uholanzi kuanza kuuzalisha kwa wingi mwaka wa 1996. Chini ya udongo una mashina manene kama viazi yanayohifadhi maji, kwa sababu kwao mvua hukawia. Mmea kama huo, au Sansevieria, utavumilia chumba chenye mwanga hafifu. Nasema utavumilia. Hakuna mmea unaokula giza.

Maji nayo huua mimea mingi kuliko kiu. Mizizi huhitaji hewa, na udongo ukiwa umelowa kila siku, nafasi za hewa hujaa maji na mizizi huoza. Ingiza kidole kwenye udongo kabla ya kumwaga chochote, na chungu kiwe na tundu chini. Mapenzi yasiyouliza hali huwa mafuriko.

Ukitaka chumba kijae kijani, usinunue mimea kumi kwa mkupuo. Chukua mitatu inayolifaa dirisha lako na uikusanye pamoja karibu nalo, badala ya kuitawanya kona zenye giza. Ule mmea wa kutambaa ambao wauzaji huuita mani planti, kata tawi chini kidogo ya kifundo, litie kwenye chupa ya maji, na baada ya wiki chache utaona mizizi. Huo ni mmea wa pili bila gharama. Na kama kuna mtoto anayetambaa nyumbani au kwa jirani, jua kwamba mani planti na Dieffenbachia zina vichembe vikali ndani ya majani vinavyochoma mdomo. Ziweke juu, au uziache dukani. Deni lako si kwa mmea peke yake.

Sasa hoja za kupinga. Ya kwanza ni ya wale wanaotaka kuhalalisha kila kitu kwa faida: mimea husafisha hewa ya nyumba, kwa hivyo ni dawa, si anasa. Hoja hii inatokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa na Bill Wolverton kwa kuweka mimea ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Bedsita yako haijafungwa hivyo. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Marekani walirudia hesabu za majaribio mengi ya aina hiyo, wakaona ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita mraba ili kulingana na hewa inayojibadilisha yenyewe ndani ya jengo. Fungua dirisha, basi. Kinachobaki ni kwamba tunaiweka mimea kwa sababu inatupendeza. Tuseme hivyo bila aibu. Ila raha inayotegemea uhai wa kitu kingine haiwezi kuwa ya bure.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Jioni moja, katika wiki ya mgao wa maji, jirani yangu alinikuta mlangoni na chungu mkononi. Mitungi yake miwili ya lita 20 ilikuwa mitupu.

"Wee kijana," akasema, "hata maua inakunywa maji ya kununua?"

"Hapana, Mama. Haya ni ya kuoshea mchele."

"Haya basi," akasema, lakini hakucheka.

Nimelifikiria sana swali lake. Alikuwa anauliza jambo la haki: katika mji ambapo mtu hupanga foleni na mtungi, nani anakunywa kwanza? Sioni namna ya kujibu ila kwamba watu hutangulia, kila mara. Deni langu kwa mmea ni la kweli, lakini sina ruhusa ya kulilipa kwa maji ya jirani. Kwa hivyo mimea yangu hupata maji ya pili, yaliyokwisha kuosha mchele au sukuma. Na hii pia huamua ninachochagua. Mmea unaotaka kunyunyiziwa kila asubuhi unafaa nyumba ambako bomba halikauki. Kwenye ploti yetu, mmea unaojua kusubiri ndio wa haki, kwa mmea na kwa majirani.

Hoja ya tatu inanihusu mimi moja kwa moja. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Naishi kwa kuandika, maana yake kuna mwezi kazi tatu hulipwa na kuna mwezi hakuna hata moja inayolipwa. Mjomba wangu alipoviona vyungu vyangu aliniuliza, "Wewe hata kodi hujui itatoka wapi, maua ni ya nini? Si ujipange kwanza?"

Jipange. Kizazi chetu kimeambiwa kijipange kabla ya kupenda, kabla ya kuzaa, na sasa hata kabla ya kuweka chungu dirishani. Namheshimu mjomba, na kuna hekima katika maneno yake: usijitwike kisichobebeka. Lakini ukisubiri uhakika katika mji huu, utazeeka bila kutunza chochote, na kutunza ni kazi inayojifunzwa kwa mikono. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, alifanya kazi na akina mama wa vijijini ambao hawakuwa na pesa wala shahada za misitu. Walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliosalia hai. Kuupanda tu hakukutosha. Nadhani kipimo hicho ni cha haki kuliko cha mjomba. Hakiulizi umejipanga kiasi gani. Kinauliza ni nini kimebaki hai mikononi mwako.

Kipimo hicho kinaukata upande wangu pia. Mwisho wa mwezi kwenye ploti yetu pikapu huja, hupakiwa godoro, meko, sufuria na televisheni, na ikiondoka, vyungu viwili au vitatu hubaki kwenye ngazi. Siwahukumu walioondoka. Pikapu ni ndogo, na wengine hawakuchagua siku ya kuhama. Landilodi ndiye aliyewachagulia. Lakini anayeishi maisha ya kuhamahama anapaswa kulijua hilo tangu siku ya kununua. Hodi moja kwa jirani ingetosha: "Naondoka Jumamosi, utanichukulia hii?" Deni hili linaweza kuhamishwa, na anayelipokea mara nyingi hufurahi. Haliishi kwa kufunga mlango na kurudisha ufunguo.

Kwa hivyo rafiki akiniuliza anunue mmea gani, sianzi na rangi wala umbo la majani. Namuuliza dirisha lake linaangalia wapi, maji huja siku ngapi kwa wiki, na akienda ushago kwa wiki mbili, nani atabaki na ufunguo. Wengine huona namkatisha tamaa. Sivyo. Mwenye majibu ya mmea mmoja, anunue mmoja, auweke karibu na dirisha, na auangalie mwaka mzima kabla ya kuongeza wa pili.