Majuto ya Mjukuu

Nyumba ya kukhu pale Butere ina madirisha sita na fremu sita za wavu wa mbu. Kuka alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za saipresi, akaweka kulabu ili ziweze kutolewa. Kuanzia Desemba hadi Februari, jua likiwaka na vumbi la barabarani likiziba matundu, tunazitoa ili hewa ipite. Mbu hupungua wakati huo, ingawa hawaishi. Machi, kabla masika hayajachanganya, zinarudi.

Tangu kuka afariki, kuzitoa ni kazi yangu, kwa sababu mimi sikosi nyumbani Krismasi. Si kazi kubwa. Unapangusa vumbi kwa brashi, unaosha wavu kwa maji ya sabuni, unasuuza, kisha unaanika kivulini maana jua kali hupinda mbao. Unaandika namba nyuma ya kila fremu, kwani madirisha yale hayalingani. Mwisho unazitundika kwenye ukuta wa stoo, mbali na sakafu na mbali na chakula.

Mwaka mmoja sikufanya hivyo. Nilikuwa na basi la usiku, na Nairobi marafiki walikuwa wananingoja tufunge mwaka. Nikazitoa fremu zote, nikazilaza chini stoo, juu yake nikapanga magunia ya mahindi. Dakika kumi, kwisha.

"Umeziweka vizuri, mjukuu wangu?" kukhu akauliza.

"Ndiyo, kukhu."

Aprili, mtoto wa dada yangu, miaka minne, akashikwa na malaria. Walimbeba usiku kwa bodaboda, mvua inanyesha, anatapika. Alilazwa siku mbili na dripu mkononi. Alipona, Mungu ni mwema. Waliporudi nyumbani ndipo dada akafunua pazia la chumba alicholala mtoto, akaona tundu la kupitisha ngumi. Panya walikuwa wamefuata mahindi, wakatafuna na wavu. Machi fremu ilirudishwa dirishani hivyo hivyo. Kukhu haoni vizuri siku hizi, na wengine hawakuangalia, kwa sababu mimi nilikuwa nimesema ziko sawa.

Je, nina hatia? Nimejitetea sana kichwani. Mbu haachi risiti. Huenda mtoto aliumwa nje jioni, huenda neti ya kitanda ilifunuka. Lakini pia najua wavu si urembo. Mwaka 1900, madaktari Louis Sambon na George Low waliishi kwenye kibanda chenye wavu karibu na Ostia, Italia, mahali palipojaa malaria. Kila jua likizama walijifungia ndani hadi asubuhi, na hawakuugua.

Mwaka 1976, wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya bahati katika maadili. Watu wawili wanazembea kwa namna ileile, mmoja anapita salama, mwingine anasababisha maafa, na sisi tunamlaumu huyu wa pili zaidi. Sasa tuseme panya wangeenda kwa jirani. Si ningekuwa mtu yuleyule, ila tu bila kujua?

Kwa hivyo nimetenganisha mambo mawili. Ugonjwa wa mtoto siwezi kusema ni wangu, wala siwezi kuukana. Lakini ile "ndiyo" ni yangu yote, hata kama mtoto asingeugua. Magunia peke yake hayangefika mbali. Ningesema, "Kukhu, nimeharakisha, ziangalieni kabla ya kuzirudisha," dada angeziangalia, na wavu wa shilingi chache ungeshonwa. Uzembe wangu ulitoboa fremu moja. Uongo wangu ulifumba macho ya nyumba nzima.

Na sisi wa mjini tuna dawa yetu. Nilituma pesa ya hospitali kwa M-Pesa hata kabla hawajamaliza kuniomba, nikasikia nafuu. Baadaye nikagundua kwamba ile nafuu ndiyo niliyokuwa nainunua.

Agosti nikaenda kumwambia kukhu ukweli. Alikuwa anachambua majani ya kunde, na hakuacha kuchambua.

"Panya alifanya kazi yake," akasema. "Yako ilikuwa gani?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nilikuwa nadhani wanamaanisha majuto huja baadaye. Siku hiyo, mbele ya ungo wa kunde, mjukuu mwenyewe alikuwa mimi.

Desemba iliyopita nilimaliza saa moja jioni. Kabla kukhu hajauliza, nilimwita dada yangu stoo. Akawasha tochi ya simu, akamulika wavu mmoja mmoja, kutoka namba moja hadi sita.