Ruhusa ya Kukimbia

Kuna faili mbili za Linux ambazo zimenifikirisha kuliko madokezo mengi niliyonakili chuoni kabla sijaacha. Moja inaitwa boost. Ukiandika 1 ndani yake, prosesa inaruhusiwa kupita kasi yake ya kawaida; ukiandika 0, inakatazwa. Nyingine, inayohusu prosesa za Intel, inaitwa no_turbo, na yenyewe imegeuzwa: 1 ni marufuku, 0 ni ruksa. Kazi ni ileile ila swali si lile. Ya kwanza inauliza, "Nikimbie?" Ya pili inauliza, "Unanizuia?" Na ukinyamaza, kwa kawaida utakuta umeshajibiwa: kimbia.

Intel walileta Turbo Boost kwenye Core i7 mwaka wa 2008, na wazo lenyewe ni tamu. Kama viini vitatu vimelala, mbona kile kimoja kilicho macho kisitumie nafasi ya joto na umeme waliyoacha wenzake? Lakini ili mapigo yaongezeke, volti nayo hupandishwa, na umeme unaoliwa huongezeka kwa mraba wa volti. Kipande cha mwisho cha kasi ndicho ghali kuliko vyote.

Swichi hii haiamuru. Ukiandika 1 umetoa ruhusa tu. Prosesa yenyewe hupima joto lake, umeme wake, viini vingapi viko macho, ndipo ikimbie au isikimbie. Basi kuna watu husema, kama ni hivyo swichi ya nini? Mashine inajijua kukuliko, iache. Hapo mimi nakataa. Ni kweli inajua joto lake. Haijui kwamba stima imepotea tangu saa nane, mteja anataka kazi yake saa kumi na mbili, na mimi naandika maneno tu, si kutengeneza filamu. Haijui hata iko juu ya mapaja ya nani. Anayepima anajua kinachowezekana. Kama inafaa, hilo ni la anayelipa.

Na si mambo ya betri pekee. Anayetaka kujua kama programu yake imekuwa nyepesi kuliko jana anahitaji kasi isiyobadilika na hali ya hewa. Kwa boost, programu ileile inaweza kuchukua muda tofauti Mombasa na Limuru.

Windows pia wana mpangilio huu, ila kwa kawaida wameuficha usionekane kwenye orodha ya umeme. Watu wakajitafutia njia ya panya: shusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99, turbo inazima. Haki ambayo lazima uitafute kwa ujanja sijui kama bado ni haki. Na tusijifanye hatuoni nani anafaidika. Namba kubwa kwenye tangazo la laptopu huanza na "hadi", na hiyo "hadi" ni turbo.

Tatizo gumu ni seva ya watu wengi. Hapo mmoja akizima, wote wanapunguzwa kasi, ndiyo maana Linux inamwachia msimamizi peke yake kuandika kwenye faili hizo. Hilo nalikubali, shingo upande. Lakini laptopu yangu haina msimamizi mwingine ila mimi, bana. Ningekuwa mimi ndiye nabuni, swichi ingekaa pale pa mwanga wa skrini, mahali mtu anapapasa hata gizani, na ingeuliza lile swali la kwanza.