Pikapu ni ya Mmoja, Mzigo ni wa Wengi

Kuna Dallas ya Texas, na kuna Dallas yetu, mtaa wa mji wa Embu. Huko Texas, pikapu kubwa kama Ford F-150 ni gari la kawaida la kwenda dukani, na pikapu za kiwango cha Hilux huhesabiwa kuwa za wastani, gari la mtu asiyetaka makuu. Hapa kwetu, gari hilo la wastani ndilo kitu cha bei ghali zaidi ambacho familia nyingi zitawahi kununua baada ya shamba na nyumba. Kwa hivyo watu wa Dallas hizi mbili wakiuliza, "Nahitaji pikapu gani?", maneno ni yale yale lakini swali si moja. Wa kule akikosea, atauza anunue nyingine. Wa huku akikosea, huenda watoto wakalipia kosa hilo kwa karo.

Kaa kwenye gereji yoyote ya Embu nusu saa tu, utasikia mashtaka na utetezi. Hilux haifi, fundi mmoja atasema, na kweli jina hilo lipo tangu 1968. Mwingine atakwambia D-Max ndiyo gari ya mkulima, kwa sababu huunganishwa papa hapa Nairobi na spea zake hazikusumbui. Ranger ina raha ndani, lakini subiri iharibike. Navara ina nguvu. L200 inakata kona vizuri. Wazee watazikumbuka Peugeot 504 na Datsun 1200 na kusema magari yaliisha zamani, haya ya sasa ni kompyuta zenye magurudumu. Mwenye pesa kidogo atakumbushwa kwamba gari kuukuu la kutoka nje haliruhusiwi kuingia nchini likizidi miaka 8, kwa hivyo ajipange mapema.

Ubishi huu ni mtamu, lakini mara nyingi unapita kando ya jambo lenyewe. Pikapu hizi zote hubeba karibu tani moja, hapo hapo juu au chini kidogo. Tani moja ni magunia 11 ya mahindi ya kilo 90, au mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50. Kwa mkulima wa Runyenjes au Nkubu, tofauti ya Toyota na Isuzu ni ndogo kuliko tofauti ya singo kebini na dabo kebini. Pima mwenyewe. Zote mbili zina urefu unaokaribiana, mita 5 na kitu. Lakini singo ina kama mita 2.3 za kuweka mzigo nyuma, na dabo ina kama mita moja na nusu. Kiti cha nyuma hakikuongezwa na mtu yeyote. Kilimegwa kutoka kwenye sehemu ya mzigo.

Ndiyo maana nadhani swali la pikapu ni swali la maadili hata kabla ya kuwa swali la injini. Anayechagua anagawa mita zile zile 5: ngapi za watu, ngapi za magunia. Na ukigawa kitu, lazima kwanza useme ni nani wamehesabiwa kwenye mgao.

Mahubiri rahisi tunayajua. Singo ni ya kazi, dabo ni ya maringo. Nunua unachohitaji, achana na macho ya watu. Mimi sikubaliani na mahubiri haya moja kwa moja. Adam Smith, yule Mskoti ambaye wengi humdhania mtetezi wa faida tu, aliandika mwaka 1776 kwamba mahitaji ya lazima si vile tu vinavyomweka mtu hai. Ni pamoja na vile ambavyo, kwa desturi ya mahali, mtu wa heshima angeona haya kukosa. Mfano wake ulikuwa shati la kitani: Wagiriki na Warumi waliishi vizuri bila shati hilo, lakini kibarua wa zama zake asingethubutu kutokea mbele za watu bila nalo. Heshima ikawa hitaji.

Sasa nenda kwenye ruracio au matanga huku kwetu uone. Aliyekuja na singo ataambiwa, "Baba Fulani, hebu rudi utuletee viti na sufuria." Aliyekuja na dabo ataambiwa apite mbele, kuna nafasi karibu na wazee. Wote wawili wana deni benki. Ukimwambia wa kwanza kwamba heshima si hitaji, unamwambia avumilie jambo ambalo wewe mwenyewe pengine usingelivumilia.

Nina shemeji, mume wa dada yangu, anayelima kahawa na muguka kidogo. Mwaka jana alitaka kununua pikapu kwa mkopo, na dhamana ilikuwa hati ya shamba wanaloishi. Alinipigia simu. "Shem, we umesoma. Niambie, Hilux ya mkono wa pili, singo, ama nijikaze nichukue D-Max mpya, dabo?" Nikamuuliza mzigo wake ni kiasi gani kwa mwezi. Akacheka. "Mzigo ni mzigo bwana. Swali ni gari."

Aliyekuwa na jibu la swali langu ni dada. Yeye huandika kila kitu kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu: siku walipokodi pikapu ya mtu, ilibeba nini, walilipa ngapi. Nilipolitazama daftari hilo niliona maisha ya nyumba yao kuliko ambavyo shemeji angeweza kunieleza. Misimu miwili ya kahawa, safari zimefuatana. Mbolea mara mbili. Mawe na mchanga walipojenga choo. Halafu wiki nyingi tupu. Na katikati, kwa mwandiko ule ule, "hospitali, mama", tena na tena. Mama mkwe wake ana miguu inayovimba na hupelekwa Embu, Level 5. Mara mbili, gari lililopatikana lilikuwa singo na mbele kulikuwa kumejaa, basi mama alikalia godoro huku nyuma, na mvua ikamkuta njiani.

Hapo mahubiri ya singo yanaishiwa pumzi. Kile kiti cha nyuma ambacho mimi na wewe tungekiita maringo, kwa ajuza yule ni tofauti ya kufika hospitali kama mtu na kufika kama gunia. Lakini daftari lilisema na jambo la pili: safari za hospitali zilikuwa chache kuliko za mzigo, na teksi ya Probox ingeweza kuzifanya zote kwa sehemu ndogo ya pesa ambazo benki ingedai. Shemeji alikuwa akisema ukweli aliposema dabo ni kwa sababu ya mama. Ila mama alikuwa sababu mojawapo, na sababu nzuri ina tabia ya kutangulizwa mbele ili zile nyingine zipite nyuma yake.

Kuna wengine waliohesabiwa, ama waliojihesabu. Kijijini pikapu hainunuliwi kimyakimya. Kabla shemeji hajatia sahihi popote, jirani mmoja alikuwa ameshaomba kubebewa mbao, na kanisa lilikuwa limeshajua viti vitabebwa na nani. Hili si jambo geni. Matatu zetu za zamani nyingi zilikuwa pikapu zilizofunikwa turubai na kuwekwa mabenchi, na hata kabla Mzee Kenyatta hajaziruhusu rasmi mwaka 1973, watu walikuwa wakizitegemea. Nyuma ya pikapu pamekuwa mali ya umma kwa muda mrefu. Methali inatuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini haisemi lolote kuhusu yule ndugu anayetegemewa, mwenye dizeli ya kununua na springi za kubadilisha. Je, ana wajibu? Naamini anao, ila una mpaka. Mgonjwa wa jirani usiku ni wajibu. Mbao za jirani ni hisani, na hisani inaweza kuchangiwa mafuta bila mtu kuitwa mchoyo. Anayenunua dabo ili mzigo wa watu usitoshe nyuma, na wapo, anajaribu kumaliza mazungumzo hayo kwa vipimo vya gari badala ya kusema "hapana" kwa mdomo wake.

Wa mwisho kuhesabiwa ni mtu ambaye hatumjui. Kila mkazi wa kando ya barabara ya Meru kuja Nairobi kupitia Chuka na Embu anajua mlio wa Hilux ya miraa. Miraa hupoteza ladha na nguvu yake ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa, kwa hivyo soko linadai mwendo, na mwendo umeua wengi. Mnunuzi wa pikapu ya miraa anahitaji injini yenye nguvu na shokapu imara. Ukimuuliza atakutajia hayo. Mama anayevuka barabara na mtungi wa maziwa anahitaji breki za gari lile lile, na hakuna aliyemuuliza. Kwenye mteremko wa Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka darajani na zaidi ya watu 30 wakafa, gari lililojazwa kupita tani yake halimhatarishi mwenyewe peke yake. Ukipanga bajeti ya pikapu bila kuweka fungu la matairi na breki, umemkopa mtu usiyemjua, na hukumwomba ruhusa.

Ruhusa ndiyo iliyorudisha fikira zangu kwa dada. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mwenzi akubali kabla makazi ya ndoa hayajawekwa rehani. Afisa wa mkopo alimwonyesha dada mahali pa kutia sahihi. Hakumuuliza kama anataka singo au dabo, wala kama anataka gari kabisa. Sheria ilihitaji jina lake, na hitaji lake lilikuwa kwenye daftari ambalo hakuna mtu aliyelifungua. Na muguka, ambayo nusu ya hesabu ya kulipa mkopo ilisimama juu yake, ilikuwa imeshaonyesha jinsi soko linavyoweza kufungwa: Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilitangaza kuipiga marufuku, na kwa siku kadhaa wakulima wa Mbeere hawakujua wapeleke wapi majani yao. Gari halijui soko limefungwa. Benki pia haitaki kujua.

Nilimwambia shemeji mambo mawili. La kwanza, kutaka kupita mbele na kukaa na wazee si dhambi, lakini tamaa hiyo iandikwe kwenye hesabu kwa jina lake na bei yake, isijifiche kwenye miguu ya mama. La pili, daftari la dada lisomwe kwa sauti, mezani, kabla ya kurudi benki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shem, sasa unataka niulize bibi yangu gari ya kununua?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu shamba ni lake pia, na ndiye anayejua mzigo.

Walisoma. Hawakununua msimu ule. Wanaendelea kukodi wakati wa kahawa, na wanamweka kando hela za teksi ya mama. Jirani wa mbao amekasirika hadi leo, anadai aliahidiwa. Dada ameanza ukurasa mpya kwenye daftari, anaandika kila wiki kiasi ambacho wangekuwa wakilipa benki, na mbele yake anaandika kile ambacho wamelipa kweli. Shemeji huupitia ukurasa huo Jumapili jioni, akiwa na kalamu, na bado anasema D-Max ni gari nzuri.