Mpira wa Kumi na Tano

Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi wa pool ninaoendea hapa Columbus, Ohio, huwa na watu wanne tu: mwenye ukumbi, wazee wawili wanaocheza kimya kimya kwenye meza ya dirishani, na mimi. Nimerudi wiki tatu sasa, baada ya miaka sita bila kushika fimbo. Nilikuwa na hofu kwamba mkono umesahau. Haukusahau. Siku ya tatu tu, mipira ilianza kuzama kama zamani. Kilichokuwa kimepotea ni kitu kingine, nacho nilikigundua Jumanne moja.

Asubuhi hiyo niliingiza mipira 14 mfululizo. Nilifurahi, nikainua kichwa kuutazama wa mwisho. Ulikuwa umelala ukingoni, upande wa pili wa meza, mbali kabisa na mahali pa kupangia pembetatu. Mmoja wa wale wazee, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu zamani, akasogea. Akaunyooshea mpira ule chaki yake, akaniuliza kwa upole kwa nini nimeuacha huo, kati ya yote 15. Sikuwa na jibu. Sikuuacha. Ulibaki tu.

Ili swali lake lieleweke, sharti nieleze mchezo wenyewe. Wasomaji wengi wanaijua pool ya kwetu Tanzania: meza ndogo ya kutia sarafu, kibandani au nje ya duka, Muheza hadi Mbagala. Kila mtu ana kundi lake la mipira. Anayelimaliza la kwake hupiga mweusi, na mchezo umekwisha, anayefuata atie sarafu. Mimi nilijifunzia hapo, kwenye meza iliyotiwa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja ili isimwage mipira upande. Tulichojua ni kumaliza. Bingwa alikuwa yule anayemaliza haraka.

Marekani nilikuta mchezo mwingine, wa zamani, unaoitwa straight pool. Hapa hakuna mipira yako wala yangu. Unautaja mpira na shimo lake, unaupiga, ukiingia umepata alama moja na unaendelea. Mnacheza hadi alama 100, na kwenye mashindano makubwa 125 au 150. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kanuni yake ni mchezaji Jerome Keogh, mnamo mwaka 1910. Kabla yake, mchezaji alimaliza mipira yote 15, ndipo ikapangwa upya. Keogh alileta wazo kwamba mpira wa mwisho usipigwe. Uachwe pale ulipo, na ile 14 ipangwe tena pembetatu, nafasi ya mbele ikibaki wazi. Kisha mchezaji auingize ule mmoja aliouacha, na mpira mweupe, ukishaugonga, ukaipasue pembetatu mpya ili mipira itawanyike na kazi iendelee.

Ndiyo maana vitabuni mchezo huu huandikwa 14.1. Kumi na nne unaichukua, mmoja unauacha, na huo mmoja ndio unaoamua kama kuna kesho. Ukiwa karibu na pembetatu na una pembe nzuri, utaingiza 14 nyingine, na 14 nyingine tena. Ukiwa ukingoni mbali, kama wangu wa Jumanne, huna njia ya kuipasua pembetatu, na ustadi wako wote unakomea hapo.

Kwa hiyo mazoezi yangu sasa ni ya aina mbili. La kwanza ni mpigo wenyewe wa kufungulia. Napanga pembetatu, naweka mpira pembeni yake, kisha nauwekea mpira mweupe alama mezani kwa kubandika kipete cha karatasi, kile cha kuimarisha matundu ya karatasi za faili, ili kila mara nianzie mahali pale pale. Napiga mara kumi. Nikipiga kwa woga, mpira mweupe unakwama ndani ya rundo na hauoni shimo hata moja. Nikipiga kwa hasira, unatawanya kila kitu lakini mpira niliotaja unakataa kuingia. Nikipiga kwa nguvu ya kiasi, chini kidogo ya katikati, mpira unazama, rundo linafunguka, na mweupe unajitoa na kurudi katikati ya meza, ukiwa na uwanja wote mbele yake. Wiki ya kwanza nilifaulu mara mbili katika kumi. Sasa nimefika sita.

Zoezi la pili ndilo gumu, na ndilo lenye funzo. Mzee hunitupia mipira mitatu mezani, halafu anaweka mmoja karibu na mahali pa pembetatu, na kuniambia nisiupige huo. Ni wa kufungulia. Kazi yangu ni kuichukua ile mitatu kwa mpangilio utakaoufikisha mpira mweupe mahali hasa panapofaa kwa mpigo wa kufungulia. Hapo hesabu inaanzia mwisho. Unajiuliza kwanza: mweupe unatakiwa usimame wapi? Kisha: ni mpira gani nikiuingiza, mweupe utasimama hapo hapo bila kutembea sana? Huo ndio ufunguo, nao unautunza hadi mwisho. Kisha: ni upi utakaonipeleka vizuri kwenye ufunguo? Unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka unaufikia mpira wa kwanza, na hapo ndipo unapoinama kupiga.

Mtu aliyetoka mapumziko marefu haoni hivyo. Anaona mpira rahisi, anauchukua. Anaona mwingine rahisi, anauchukua. Jicho lake linapenda kilicho mlangoni mwa shimo. Mara nyingi mpira ule rahisi ndio uliokuwa ufunguo, na alipouchukua mapema alijifungia mwenyewe. Mipira iliyoshikamana, ambayo ilipaswa kutenganishwa mapema wakati bado mingine ipo ya kuegemea, inaachwa hadi mwisho kwa sababu inasumbua. Mzee ananifundisha upya kuanza na ya matata: iliyobanana, iliyoganda ukingoni. Iliyo rahisi, anasema, haikimbii.

Kutoka hapa hadi mji wa Springfield ni mwendo wa saa moja kwa gari. Huko, tarehe 19 Machi 1954, Willie Mosconi wa Philadelphia aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Fanya hesabu: kumi na nne mara 37, na minane juu. Maana yake mara 37 pembetatu ilipangwa upya mbele yake, na mara zote 37 alikuwa ameacha mpira unaofaa na mweupe mahali panapofaa. Watu humsifu kwa jicho na mkono wake. Mimi namsifu kwa zile mara 37. Rekodi ile ilikaa miaka 65, hadi mwaka 2019 John Schmidt, baada ya miezi ya kujaribu siku baada ya siku, alipofikisha 626. Wengine wameshaipita hata hiyo.

Mosconi huyu, alipokuwa mtoto, baba yake mwenye ukumbi wa pool hakutaka acheze, akamfungia mipira. Mtoto akachukua viazi mviringo jikoni kwa mama yake na mpini wa ufagio, akaendelea. Mwishoni mwa mwaka 1956, tayari bingwa wa dunia mara nyingi, alipatwa na kiharusi. Akarudi mezani tena. Habari zake hunipa moyo kila ninapopanga pembetatu yangu ya kumi kwa siku, miguu imechoka kwa zamu ya usiku ghalani.

Lakini aliyenifundisha kwanza jambo hili la kuiachia kesho kitu hakuwahi kuona meza ya pool. Mama yangu, kule Muheza, alipikia kuni kwenye mafiga. Usiku, chakula kikishaliwa, hakuwahi kuuzima moto. Alichagua kigogo kimoja kizito, akakisogeza katikati, akavuta makaa yaliyo mekundu, akayafukia kwa majivu. Alfajiri alifukua, akaweka majani makavu, akapuliza mara mbili tatu, na moto ukawaka. Jirani aliyelala bila kufukia alikuja na kifuu au kigae kuomba kaa. Mama alimpa, kisha akatuambia sisi watoto: anayepika leo apike na kesho. Nilimsikia akisema hivyo miaka yote ya utoto wangu, na niliyachukua kuwa maneno ya jikoni.

Miaka sita iliyopita niliacha mambo mawili kwa pamoja. Pool niliiacha kwa sababu nilipata kazi ya usiku, na mtoto wetu wa pili alikuwa mchanga. Sijutii hilo, familia ni kwanza. La pili lilikuwa darasa la Kiswahili la Jumamosi. Nilikuwa nikilifundisha kwenye chumba cha maktaba ya mtaa, kwa watoto wa familia zilizotoka Kongo, Burundi na kwetu Tanzania. Tuliimba, tukategana vitendawili, tukaandika barua kwa bibi na babu. Nilipoacha, niliwaambia wazazi tutaendelea Mungu akipenda, nikaondoka. Daftari la masomo nilikwenda nalo nyumbani. Mwenye zamu maktaba sikumwambia nani amwekee chumba. Hakuna mama wala kijana niliyemkalisha pembeni nikamwonyesha nilivyokuwa nikifanya. Nilimaliza mipira yote, sikuacha hata mmoja.

Mwezi uliopita nilikutana na mama mmoja wa Bukavu kwenye duka la vyakula. Mwanawe alikuwa mwanafunzi wangu, mwepesi wa vitendawili kuliko wote. Sasa ana miaka kumi na mitano. Mama alimsemesha Kiswahili mbele yangu, kijana akaelewa kila neno, akajibu kwa Kiingereza. Yule mama hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba nyanya wa mtoto yu hai, na kila wakipigiana simu wanatazamana na kutabasamu, basi. Nililala nikiwaza simu ile.

Mzee wa ukumbini ana zoezi moja zaidi, na ndilo ninaloshikilia sasa. Kama imebaki mipira mitatu na hakuna hata mmoja unaofaa kufungulia, usikate tamaa. Unaweza kuutengeneza. Unaingiza mmoja kwa namna ambayo mpira mweupe, ukitoka hapo, unausukuma mwingine taratibu, upana wa kiganja au viwili, hadi unakaa karibu na pembetatu. Zoezi hili linataka utulivu kuliko mipigo yote, kwa sababu nguvu ikizidi kidogo, mpira unapita mahali pake. Katika majaribio kumi nafaulu matatu. Mzee anasema matatu ni mengi kuliko sifuri niliyokuwa nayo Jumanne ile.

Nami nimeanza kuutengeneza mpira wangu. Daftari la masomo nimelitoa kabatini. Nimezungumza na dada mmoja wa Bujumbura, kijana, mwenye sauti nzuri na subira na watoto, na Jumamosi mbili zilizopita tulifundisha pamoja. Tulikuwa na watoto watano. Yule kijana wa Bukavu alikuja, akakaa nyuma, akasikiliza, na mwishoni nikamwomba awategee wadogo kitendawili kimoja. Alifikiri sana. Akakipata. Kazi yangu mwaka huu si kuwa mwalimu bora wa darasa lile. Ni kuhakikisha kwamba siku zamu yangu ikibadilika tena, au mwili ukichoka, yule dada ana daftari, maktaba inamjua kwa jina, na kijana wa Bukavu ana vitendawili ishirini vya kuwategea wadogo zake.

Nawaza ni kazi ngapi zetu zinazokufa kwa namna hii. Kwaya ambayo aliyejua sauti zote alihama, na hakuna aliyejua mahali pa kuanzia. Kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mweka hazina alifariki na hesabu zote kichwani mwake. Fundi hodari wa majahazi asiyempa kijana hata mmoja randa yake aishike. Wote walifanya kazi nzuri, na mipira yao yote ilizama. Tatizo lilikuwa mpira wa mwisho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kuna kazi unayokusudia kuiacha kwa sababu ya ugonjwa, uhamisho, ulezi au uchovu, iache bila aibu. Kila mtu ana haki ya kupumzika, na mkono haumsahau mwenyewe. Ila kabla hujaweka fimbo ukutani, itazame meza. Chagua kitu kimoja usikimalize, kiweke mahali ambapo wewe ukirudi, au mwingine akija, ataweza kuanzia hapo. Kisha mwonyeshe mtu kilipo.

Jumanne ijayo nitakuwa ukumbini saa nne. Nitaanza na zoezi la mipira mitatu, kuanzia mwisho.