Kiasi cha Mafunzo kwa Mtoto Mwenye Usonji

Ndugu zetu, mtoto ni amana, na aliyewekewa amana huulizwa mambo mawili: je, aliitupa? Na je, aliitumia kinyume cha haki yake? La kwanza wengi wetu twalikumbuka. La pili tumelisahau.

Baba akiambiwa kwamba mwanawe wa miaka mitatu ana usonji, naye ni mtoto asiyesema kama wenziwe na mwenye kutaabika kwa kelele na mabadiliko, huuliza kwanza: nimpeleke kwa mwalimu saa ngapi?

Jawabu iliyoenea ilitoka Marekani. Katika mwaka 1987, mtaalamu Ivar Lovaas wa Los Angeles alieleza khabari za watoto 19 waliofunzwa zaidi ya saa 40 kila juma. Akasema 9 katika hao waliingia skuli na kusoma kama watoto wengine. Tangu hapo saa 40 zikawa kama faradhi. Lakini watoto wale hawakuchaguliwa kwa kura, hata ijulikane kwa yakini faida imetoka wapi. Tena walikuwa wakikemewa, na hata kupigwa kofi la paja. Na mwaka 2024, wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi hawakuona dalili madhubuti kwamba kuzidisha saa huzidisha faida.

Basi je, tumwache? Hasha! Afunzwe mapema kuomba maji kwa neno au kwa ishara, kuvaa nguo yake, na kucheza na nduguze. Kumweka pembeni kwa kusema ndivyo alivyoumbwa ni kuitupa amana. Lakini saa 40 ni kazi ya mtu mzima. Mtoto atokaye skuli akapelekwa chuoni, kisha kwa mwalimu wa kumsemesha, akarudi akilia na kujiuma mkono, amekwisha kutujibu ijapokuwa hasemi.

Kipimo, basi, ni yeye mwenyewe. Je, mwezi huu amepata jambo la kumfaa? Je, alala vyema, ala, acheka? Ikiwa ndivyo, na tuendelee; ikiwa sivyo, tupunguze au tubadilishe, kwa kushauriana na mama yake na mwalimu wake.

Kisha tuzihukumu nafsi zetu. Saa tunazozidisha, ni ili mtoto apate kusema haja yake, au ili jirani asipate la kusema barazani? Ya kwanza ni malezi; ya pili ni riya, na mwenye kuilipa ni mtoto.

Wallahu aalam.