Oili Chafu Isiguse Mtutu wa Gobore

Wajukuu zangu mnaorithi magobore ya babu zenu huku Akeri, Poli na Ngaramtoni, nina neno juu ya jambo mnalolipuuza: mafuta mnayopaka kwenye kitambaa kinachofunga risasi. Jambo lenyewe ni dogo, lakini laweza kumwacha mtu bila vidole.

Nawaona mkitoka gereji za Unga Limited, mjini Arusha, na oili chafu kwenye chupa ya maji. Mnasema mafuta ni mafuta. Sivyo hata kidogo. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa, na ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Sehemu hutoka na moshi, sehemu huganda ndani ya mtutu. Masizi hayo yakikutana na oili ya injini au grisi katika joto la mlipuko, huwa kama lami. Ukishindilia risasi ya pili, inakwama njiani kabla ya kuikalia baruti. Kijana mwenye haraka anaona mdeki, ule ufito wa kushindilia, umegoma, anadhani risasi imefika, anafyatua. Hapo ndipo mtutu unapopasuka, na uso wake uko karibu nao.

Kwa hiyo chora alama kwenye mdeki siku bunduki ikiwa safi na imeshindiliwa sawasawa. Alama isipofika mdomoni mwa mtutu, usifyatue, hata kama mnyama amesimama mbele yako.

Mafuta yanayofaa hayako mbali. Nunua mafuta ya kondoo kwa wauza nyama, uyayeyushe kwa moto mdogo, uyachuje, na yasiwe na chumvi hata chembe, maana chumvi huita kutu. Changanya na nta ya nyuki. Kipimo kinategemea unakokwenda. Huku miteremkoni mwa Meru asubuhi ni baridi, nta ikizidi kitambaa kinakakamaa, punguza. Ukishuka tambarare za Longido jua linayayeyusha mafuta matupu, yanapenya hadi kwenye baruti, nawe unabaki na fataki iliyolia bila mlipuko. Huko ongeza nta.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Nguo ya marekani, ileile ambayo wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliileta Unguja katika karne ya 19 bado haijapata mshindani. Nguo yenye nailoni huyeyuka na kugandia mtutuni. Kisha jifunzeni kukisoma kitambaa: ukishapiga shabaha, kiokote majanini. Kikiwa kizima, kimechakaa pembeni tu, kazi ni njema. Kikiwa kimetoboka au kimeungua katikati, ama ni chepesi mno, ama mafuta hayakutosha, na risasi yako haitakwenda ulikoielekeza.

Mkirudi nyumbani, msilale kabla ya kuosha mtutu kwa maji ya moto. Masizi ya baruti yana chumvichumvi zinazovuta unyevu, na maji ndiyo huziyeyusha. Kausha kabisa, kisha paka yale mafuta ya kondoo kidogo. Wakati wa masika usiku mmoja wa uvivu unatosha kuanza kutu.

Yote haya ni kwa gobore halali lenye mtutu wa kweli. Lile lililofuliwa kwa bomba la maji au chuma cha usukani wa gari, hakuna mafuta yatakayolifanya salama, nami siwezi kumfundisha mtu namna ya kulitumia. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi inataka leseni, na ile ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, hairuhusiwi kuwinda kabisa, iwe Momella, iwe Ngurdoto.

Mwenye gobore la bomba asilifiche darini watoto wakaliona. Amwone mwenyekiti wa kijiji, waende pamoja kituo cha polisi kulisalimisha.