Deni Lisilo na Mdai

Oktoba 4, 2023, Rishi Sunak, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alipanda jukwaani mjini Manchester kuhutubia mkutano mkuu wa chama chake cha Conservative. Akatangaza kuwa reli ya mwendo kasi iliyokuwa itoke Birmingham hadi mji huohuo haitajengwa tena. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa stesheni ya treni; ilifungwa mwaka 1969, na paa lake kubwa la upinde lipo mpaka leo. Mpango wa reli ulichorwa na serikali ya Labour Machi 2010, ukaidhinishwa na serikali ya David Cameron Januari 2012, na Boris Johnson akaupa baraka upya Februari 2020. Tawi la kwenda Leeds lilikatwa mwaka 2021. Sasa likakatwa na la Manchester, na wenye mji wakapewa habari hiyo nyumbani kwao.

Miezi tisa baadaye, Julai 4, 2024, Uingereza ilipiga kura. Waliojitokeza hawakufika asilimia 60 ya waliojiandikisha. Labour na Conservative, vyama vilivyopokezana madaraka kwa karne nzima, kwa pamoja vilipata asilimia 57 hivi ya kura. Mwaka 1951 asilimia 82 ya wapigakura walijitokeza, na karibu kura 97 katika kila 100 zilikwenda kwa vyama hivyohivyo viwili. Wiki chache kabla ya uchaguzi wa 2024, utafiti wa British Social Attitudes, unaofanywa tangu 1983, uliripoti kuwa asilimia 45 ya watu karibu hawaamini kabisa kwamba serikali ya chama chochote itatanguliza maslahi ya taifa mbele ya maslahi ya chama. Hadi wakati huo utafiti huo ulikuwa haujawahi kukuta kiwango kikubwa kuliko hicho.

Jambo hili huzungumzwa kana kwamba ni maradhi. Husemwa kuwa wananchi wamechoka, wamekuwa wavivu wa siasa, mitandao imewaharibu akili. Huenda upo ukweli kidogo humo, lakini maelezo hayo yanamsahau mtu mwenyewe. Asiyejali siasa na aliyevunjika moyo wanaweza kubaki nyumbani siku moja, wakaingizwa katika takwimu moja, ilhali hawafanani hata kidogo. Asiyejali hakuwahi kutarajia kitu. Aliyevunjika moyo alitarajia, na alikuwa na haki ya kutarajia, maana aliahidiwa. Anaweza kuitaja ahadi, aliyeitoa na mwaka ilipotolewa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini watu hawaviamini vyama, inafaa kuitazama ahadi yenyewe: chama kinapoahidi, kinamwahidi nani, na huyo aliyeahidiwa amepata haki gani?

Ahadi ni deni, na deni la kawaida linaeleweka. Anayedai na anayedaiwa wanajuana kwa sura. Mdai anaweza kwenda kubisha hodi, anaweza kusubiri, anaweza hata kusamehe. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, aliiona ahadi kuwa uwezo tulionao wa kuipa uimara kidogo kesho ambayo hatuijui. Lakini katika ahadi ya chama mdeni habaki yuleyule. Ilani iliyowapa Conservative ushindi Desemba 2019 ilipita mikononi mwa mawaziri wakuu watatu, Johnson, Liz Truss na Sunak. Truss, katika utawala wake usiofika miezi miwili, alijaribu sera za uchumi ambazo hakuna mpigakura wa 2019 aliyeonyeshwa. Mdai naye ametawanyika. Ni kila mtu, na kwa hiyo hakuna hata mmoja mwenye hati mkononi.

Kuna aliyejaribu kudai mahakamani. Mwaka 2005 Labour iliahidi katika ilani yake kwamba wananchi wataulizwa kwa kura ya maoni kuhusu Katiba ya Umoja wa Ulaya. Wafaransa na Waholanzi wakaikataa katiba hiyo, ukaja badala yake Mkataba wa Lisbon uliofanana nayo kwa mengi, na serikali ya Gordon Brown ikasema kura ya maoni haihitajiki. Stuart Wheeler, aliyetajirika kwa biashara ya kubashiri, akaishtaki serikali. Juni 2008 Mahakama Kuu ilimkatalia: ahadi ya aina hiyo ni jambo la siasa, na kama serikali ishikiliwe kwa neno lake au la, si kazi ya mahakama. Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Nchi ambayo majaji wanaamua ilani itekelezwe vipi ingekuwa imehamisha tu mamlaka kutoka kwa watu wanaoweza kuondolewa kwenda kwa wasioweza. Ila baada ya hukumu hiyo mdai alibakiwa na mlango mmoja tu, nao ni kituo cha kupigia kura.

Kituo chenyewe mara nyingi ni ukumbi wa kanisa au darasa la shule, wakati mwingine hata baa. Hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu, kila aliyefika kituoni alitakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Humo ndani kuna kibanda, penseli, na karatasi yenye majina ya wagombea na kisanduku kitupu mbele ya kila jina. Hakuna kisanduku cha kusema "hakuna anayefaa", kama walichonacho Wahindi tangu 2013. Wapo wanaoandika hata hivyo. Hukata mstari juu ya majina yote na kueleza, wengine kwa hati nzuri kabisa, kwa nini hawamtaki yeyote. Usiku, wakati wa kuhesabu, msimamizi huwaonyesha wagombea na mawakala wao karatasi zenye shaka, kisha hizo huingizwa katika fungu la kura zisizo na alama au zisizoeleweka maana. Sentensi inayosomeka vizuri, aliyoiandika mwananchi kwa mkono wake, inarekodiwa kuwa haieleweki. Sheria haina pengine pa kuiweka, kwa kuwa uchaguzi umetengenezwa ili utoe mbunge, na malalamiko hayatoi mbunge.

Karl Popper angejibu kwamba hakuna haja ya kutaka zaidi. Mwanafalsafa huyo, aliyeikimbia Vienna kabla ya Hitler kuitwaa na mwishowe akahamia Uingereza, alifundisha kuwa swali la zamani la nani atawale ni swali bovu. Swali la maana ni jinsi ya kuwaondoa watawala wabaya bila kumwaga damu. Mwaka 1988 aliandika katika The Economist akiutetea mfumo wa vyama viwili vikubwa, kwa sababu chama kimoja kikitawala peke yake na kikashindwa, lawama haina pa kujificha. Kwa kipimo chake, Julai 2024 mambo yalikwenda sawasawa. Conservative, waliotawala miaka 14, walishuka hadi viti 121, idadi ndogo kuliko zote katika historia yao. Asubuhi Sunak alimpigia simu kiongozi wa Labour, Keir Starmer, kumpongeza, na kabla ya jua kutua serikali ilikuwa imebadilika. Watu wengi duniani, na wa Afrika Mashariki wakiwamo, wanajua thamani ya asubuhi ya namna hiyo.

Lakini hoja ya Popper ina nguvu iwapo anayeingia hadaiwi na watu walewale. Labour ilipata viti 411 kwa asilimia 34 tu ya kura, yaani kura milioni 9.7. Mwaka 2019, chama hichohicho kilipata kura zaidi ya milioni 10 na kikashindwa vibaya. Waliowafukuza Conservative walikuwa wengi. Waliowakaribisha Labour hawakuongezeka. Na Labour yenyewe haikuja na mikono mitupu. Starmer alipogombea uongozi wa chama mwaka 2020 alitoa ahadi 10, mojawapo ikiwa kufuta ada ya vyuo vikuu. Mei 2023 akaiacha. Februari 2024 akakiacha kiwango cha pauni bilioni 28 kwa mwaka kilichokuwa kimeahidiwa kwa uwekezaji katika nishati safi. Mpigakura aliyekwenda kumwondoa mdeni mmoja alilazimika kumwidhinisha mwingine, na hakupewa namna ya kufanya moja bila jingine.

Mji wa Leicester unaonyesha jambo hili kwa karibu kuliko takwimu za taifa. Ni mji ambao Afrika Mashariki ina sehemu yake. Wahindi waliotoka Kenya miaka ya 1960, na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, walikwenda huko kwa maelfu, ingawa halmashauri ya mji ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende. Mkenya, Mtanzania au Mganda anayeishi huko kihalali naye ana haki ya kupiga kura ya ubunge, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa ngome ya Labour. Mwaka 2019 Jonathan Ashworth alishinda Leicester South kwa tofauti ya kura zaidi ya 22,000. Usiku wa Julai 2024, wakati chama chake kikizoa viti nchi nzima, Ashworth alishindwa kwa kura 979 na mgombea binafsi, Shockat Adam, aliyebeba hasira za watu juu ya vita vya Gaza. Katika jimbo jirani la Leicester East, kura za Labour ziligawanyika, wabunge wawili wa zamani wa chama hicho wakisimama dhidi yake, na Conservative wakakitwaa kiti hicho, kiti pekee walichonyakua kutoka kwa wapinzani usiku ule.

Leicester South ilikuwa imewahi kufanya hivyo. Julai 2004, katika uchaguzi mdogo uliogubikwa na vita vya Iraki, iliiacha Labour ikachagua mbunge wa Liberal Democrats, kisha mwaka uliofuata ikarudi. Watu wanaoondoka kwa sababu, wakarudi, wakaondoka tena baada ya miaka 20 kwa sababu inayofanana na ile ya kwanza, hawawezi kuitwa wavivu wa siasa. Wameshika hesabu vizuri kuliko chama walichokuwa wakikipigia kura.

Mtu anaweza kuuliza kama mwanasiasa hana haki ya kubadili mawazo. Anayo. Edmund Burke aliwaambia wapigakura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge wao anawapa busara yake pamoja na juhudi yake, na hatalazimika kufuata kila wanachotaka. Aliyatimiza aliyoyasema, akaunga mkono biashara huria na Ireland na haki za Wakatoliki, na mwaka 1780 Bristol ikawa haimtaki tena. Uzito wa mfano wake uko kwenye mpangilio: alisema kabla, kisha akafanya, kisha akaikubali adhabu. Vyama vya leo vinataka uhuru wa Burke baada ya uchaguzi na shangwe za mtoa ahadi kabla yake.

Vyama navyo vimeligundua tatizo, na dawa waliyoichagua Labour mwaka 2024 ilikuwa kuahidi kidogo. Walisema hawatapandisha kodi ya mapato, bima ya taifa wala kodi ya ongezeko la thamani kwa wafanyakazi, huku Conservative wakiahidi kukata kodi zaidi. Taasisi ya utafiti wa bajeti, IFS, ililalamika waziwazi kuwa vyama vyote viwili vinakwepa kueleza fedha za huduma za umma zitatoka wapi. Hapo mpigakura anapoteza kitu kikubwa kuliko ahadi iliyovunjwa. Ananyimwa hata kile ambacho angekuja kukidai.

Sunak alikuwa amejaribu njia iliyo bora, na anastahili sifa kwa hilo. Januari 2023 alitoa ahadi tano za kupimika. Ya kwanza, kupunguza mfumuko wa bei kwa nusu, ilitimia kabla ya mwaka kwisha. Hakushukuriwa, kwa sababu mfumuko ukishuka bei hazirudi chini. Zinaacha tu kupanda mbio, na mama aliyekuwa akilipa mkate na umeme kwa bei ya zamani hakuiona nafuu yoyote kwenye kaunta. Nyingine ilikuwa kupunguza foleni ya matibabu England. Foleni ilikuwa milioni 7.2 alipoahidi, ikawa milioni 7.6 watu walipokwenda kupiga kura. Alikiri mwenyewe Februari 2024 kuwa ahadi hiyo imemshinda. Kukiri huko ni nadra, na hakukumwokoa, lakini angalau kulimtambua mdai.

Siku 25 baada ya uchaguzi, Julai 29, 2024, waziri mpya wa fedha, Rachel Reeves, alitangaza kuwaondolea wastaafu takriban milioni 10 posho ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi, pauni 200 hadi 300 kwa kaya. Ilani haikusema litafanyika wala halitafanyika. Kwa miezi 10 serikali ilishikilia kuwa uamuzi haubadiliki. Wastaafu wakawaandikia wabunge wao, na wabunge wa Labour wakaanza kulalamika kwa sauti. Mei 1, 2025 ukafanyika uchaguzi wa baadhi ya halmashauri za England, pamoja na uchaguzi mdogo katika jimbo la Runcorn and Helsby huko Cheshire. Labour ilikuwa imelishinda jimbo hilo kwa tofauti ya karibu kura 15,000 mwaka uliotangulia. Sasa ikalipoteza kwa chama cha Reform UK kwa kura 6. Juni mwaka huohuo serikali ikatangaza kuirudisha posho kwa wastaafu wote wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka, yaani wengi wao.